Lottie ana maono, au dawa zimemwishia?

Nyumbani kwangu Jumamosi usiku watu hugombana kwa ajili ya msichana ambaye hayupo duniani. Upande mmoja yuko mdogo wangu wa kiume, upande mwingine binti yangu aliyemaliza kidato cha sita. Mimi hukaa katikati na bakuli la bisi, nikijifanya sina upande. Wiki iliyopita binti yangu alichoka akanigeukia: “Mama, wewe si ndiyo daktari? Mwambie mjomba. Lottie ni nabii au ni mgonjwa?”

Sikumjibu vizuri usiku ule. Nimeamua kumjibu hapa, kwa sababu swali lake nimelisikia mara nyingi kliniki, likiulizwa na watu ambao hawakuwa wanatazama runinga.

Kwanza nieleze kwa wasioijua. Lottie Matthews ni mhusika katika tamthilia ya Marekani iitwayo Yellowjackets, iliyoanza kuonyeshwa Novemba 2021. Inahusu timu ya mpira wa miguu ya wasichana wa sekondari kutoka New Jersey. Mwaka 1996 wanapanda ndege kwenda kwenye mashindano ya taifa Seattle, ndege inaanguka katika msitu wa Kanada, na manusura wanakaa huko miezi 19. Wanakutana na mbwa mwitu, theluji na njaa, na mwishowe wanakula maiti za wenzao. Kisa hicho kinakumbusha tukio la kweli la Oktoba 13, 1972, ndege iliyobeba timu ya raga ya Uruguay ilipoanguka katika milima ya Andes ikiwa na watu 45. Waliotoka hai ni 16, baada ya siku 72, na wao pia waliishi kwa kula miili ya waliokufa.

Kama hujaitazama na unapanga kuitazama, ujue kwamba nitafichua baadhi ya mambo.

Hoja za mjomba

Mdogo wangu anaamini msituni mle kuna kitu kinachotaka damu, na Lottie ndiye mdomo wake. Ana ushahidi. Lottie akiwa mtoto mdogo, ndani ya gari la wazazi wake, anapiga kelele kwa hofu na mara ajali inatokea mbele yao. Msituni, wasichana wanapojaribu kuita mizimu, anaanza kusema Kifaransa. Baadaye dubu anamjia, analala mbele yake kama mbuzi wa sadaka, na wenzake wanapata nyama siku ambayo hawakuwa na kitu.

“Dada, nieleze huyo dubu,” huniambia.

Dubu siwezi kumweleza. Watunzi, Ashley Lyle na Bart Nickerson, wameupanga mkasa wao hivyo: kila jambo lina maelezo ya kawaida, halafu kuna kipande kimoja kinachobaki nje ya maelezo. Ndiyo maana mashabiki tunakesha.

Lakini kuna kipande ambacho mdogo wangu hukipita haraka. Mwanzoni kabisa mwa hadithi Lottie anameza vidonge, vya ugonjwa wa akili. Ndege inapoanguka anabaki na vichache. Vinapokwisha, haviongelewi tena. Hamwambii mtu, na wenzake hawamuulizi. Muda si mrefu anaanza kuona na kusikia mambo.

Nadharia ya daktari

Nadharia yangu haina mvuto kama ya mizimu: dawa zilimwishia.

Tamthilia haitaji wazi ugonjwa wake, ila dalili zinafanana na za skizofrenia, ugonjwa unaomfanya mtu asikie sauti ambazo wengine hawazisikii, aone visivyokuwapo, au ashike imani isiyotikisika hata kwa ushahidi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu milioni 24 hivi wanaishi na ugonjwa huu, yaani kama mtu 1 katika kila 300. Mara nyingi huanza mwishoni mwa ujana na katika miaka ya ishirini, umri ambao mzazi anaona mabadiliko na kusema ni ukaidi, mapenzi au bangi.

Mtu anayetumia dawa hizi akiziacha ghafla, mara nyingi haugui kesho yake. Wiki ya kwanza anaweza hata kujisikia mwepesi: usingizi mzito umepungua, mwili umechangamka. Hapo ndipo familia husema, “Unaona? Hakuzihitaji.” Dalili hurudi baada ya wiki kadhaa, au miezi, na zikirudi watu wamekwisha kusahau habari ya vidonge. Wanatafuta sababu nyingine, na hawaikosi.

Lakini ugonjwa wa Lottie peke yake hautoshi kueleza msitu ule. Yeye ni mmoja, na waliomfuata ni kundi zima, wengi wao wakiwa hawana ugonjwa wowote. Hapo nawaongeza njaa kwenye nadharia yangu. Mwaka 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, mtaalamu Ancel Keys aliwapunguzia chakula wanaume 36 wenye afya, waliojitolea, kwa miezi sita hivi. Walipungua karibu robo ya uzito wao, na akili nazo zilibadilika. Waliwaza chakula mchana na usiku, wakawa wakali, wakajitenga, wakazama katika huzuni. Mmoja alijikata vidole kwa shoka. Hao walikuwa ndani ya jengo, wana madaktari na vitanda. Wape watoto wa sekondari njaa hiyo, ongeza baridi, misiba, usingizi wa shida, na ile sherehe ambayo uyoga wa kulevya unaingia kwenye chakula chao. Watakuwa tayari kumfuata yeyote atakayesema anajua kinachoendelea.

Kwa hiyo, binti yangu, jibu langu ni kwamba Lottie ni mgonjwa aliyekosa dawa, katikati ya watu wenye njaa waliohitaji nabii. Na ukitazama vizuri, damu nyingi ya msitu ule haikumwagwa na mgonjwa. Hilo linafanana na tunaloliona hospitali: wengi wenye ugonjwa huu hawadhuru watu, na mara nyingi wao ndio hudhuriwa.

Nadharia nne, kidonge hakuna

Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja aliletewa kwangu kijana wake wa miaka 20. Nimebadilisha baadhi ya mambo asitambulike. Walikuja wanne: mama, baba, shangazi na kaka. Kijana alikuwa hajalala siku tano, anaongea na ukuta, anakataa chakula kwa kuwa kina sumu.

Nilipouliza nini kimetokea, kila mmoja alikuwa na nadharia yake. Shangazi alisema ni majini ya upande wa baba. Baba alisema ni bangi. Kaka alisema ni msongo wa mitihani. Mama alisema kwa sauti ya chini kwamba kuna jirani hawapendi. Walikuwa wamebishana miezi miwili, na katika miezi hiyo kijana alizungushwa sehemu tatu tofauti. Mikononi alikuwa na alama za kamba.

Nilifungua faili lake. Miezi saba nyuma alikuwa amelazwa, akatulia, akaruhusiwa na dawa. Nikauliza dawa ziko wapi. Wakatazamana. Mama akasema, “Daktari, zilikwisha. Na alikuwa amepona.”

Aliyemruhusu siku ile nilikuwa mimi. Kwenye cheti niliandika “aendelee na dawa”, na sikumwambia mama ni kwa muda gani, wala kwa nini mtu anayeonekana mzima aendelee kumeza. Nilidhani anajua. Tangu hapo simruhusu mgonjwa kabla ndugu yake hajanirudishia maelezo kwa maneno yake mwenyewe. Kijana alipata nafuu, lakini ilichukua muda mrefu kuliko mara ya kwanza, na ule mwaka wa chuo ulimpotea.

Katika kisa cha Lottie kuna mama na baba pia. Baada ya ile ajali ya barabarani, mama anadhani mtoto ana kipaji, baba anataka daktari. Familia nyingi nimeziona zikisimama hapohapo. Ninachowaomba ni kwamba ubishi uendelee na dawa ziendelee. Mpelekeni kwenye maombi, kwa shehe, kwa mchungaji. Sijawahi kumkataza mtu kuombewa. Lakini mtu yeyote atakayekuambia umwachishe dawa ndipo amhudumie, mkatalie.

Mambo ya kushika

Dawa za ugonjwa wa akili zisiachwe ghafla, hata mgonjwa akionekana mzima. Baada ya kuugua mara ya kwanza, kwa kawaida tunashauri ziendelee angalau mwaka mzima tangu dalili zitulie, na wengine huhitaji muda mrefu zaidi. Zikipunguzwa, hupunguzwa kidogokidogo na mtaalamu. Vivyo hivyo kwa dawa za kifafa: kuziacha ghafla kunaweza kuleta degedege mfululizo, na hiyo ni hatari ya maisha.

Hesabu vidonge kabla havijakwisha. Andika kwenye kalenda ya ukutani tarehe ya kwenda kuchukua vingine, iwe wiki moja kabla. Mkisafiri kwa msiba, harusi au likizo ya kijijini, bebeni vya ziada, na mgawanye: vingine kwenye begi la mgonjwa, vingine kwa mtu mwingine. Bila shaka unaelewa hilo nimelitoa wapi.

Uliza kwa nini anakataa. Dawa hizi zina maudhi ya kweli: usingizi, kunenepa, mate kumtoka, mwili kukakamaa, kutetemeka, kushindwa kutulia. Kijana anayesema “zinanifanya kama zezeta” hakudanganyi. Mlete. Tunaweza kupunguza kipimo, kubadilisha dawa, au kuongeza ya kuondoa mkakamao. Kwa wanaosahau, kuna sindano ya kuchoma takribani mara moja kwa mwezi. Shingo au macho vikipinda ghafla, njooni siku hiyohiyo.

Zijue dalili za kurudi: usingizi kupotea, kujitenga, kucheka au kuongea peke yake, kushuku chakula au ndugu, kuacha kuoga, maneno kukosa mpangilio. Akizungumzia kufa au kujiumiza, usimwache peke yake na usisubiri asubuhi. Na asifungwe kamba wala kupigwa. Kamba huacha vidonda, na humfundisha mgonjwa kukuficha dalili.

Muulize anachosikia bila kumcheka na bila kumuunga mkono. “Mimi siisikii hiyo sauti, lakini naona inakutisha. Inasema nini?” Sentensi hiyo imenisaidia kuliko vitabu vingi. Wenzake Lottie walimuuliza sana msitu unataka nini, na hawakumuuliza yeye analala vipi.

Na watoto je?

Wazazi wengine wataniuliza kama hii tamthilia inafaa kutazamwa nyumbani. Marekani imewekewa alama ya watu wazima, na ninakubaliana nayo. Kuna maiti, kujiumiza, kujifungua kwa mateso na watu kuliwa. Kama kijana wako mkubwa anaitazama, keti naye na umsikilize nadharia zake; utajifunza anachoogopa. Kama mtoto wako anatumia dawa za akili, msikilize kwa makini zaidi, kwa sababu anatazama msichana anayefanana naye akiachwa bila dawa na kuitwa nabii, jambo ambalo lina ushawishi mkubwa kwa mtu aliyechoka kumeza vidonge.

Mdogo wangu amesoma makala haya kabla sijayatuma. Amesema yote sawa, ila bado sijamweleza dubu. Kisha akakaa kimya kidogo, akauliza kama yule mtoto wa jirani yetu aliyerudi kutoka hospitali mwezi uliopita bado anachukua dawa zake. Sikuwa najua. Tumekubaliana Jumapili tupite tumjulie hali.