Haidreti za hewa ukaa: faida na hasara zimo kwenye viongezi

Hewa ukaa inaweza kunaswa kwa maji baridi bila kemikali yoyote. Maji yakiwa karibu na nyuzi 0 za Selsiasi, na gesi ikisukumwa kwa mgandamizo wa baa zipatazo 12, molekuli za maji hujipanga kuwa vizimba na kuifungia gesi ndani. Kinachopatikana ni haidreti, kitu kigumu mfano wa barafu.

Kikwazo ni bili ya umeme. Moshi wa mtambo wa makaa ya mawe huwa na takriban asilimia 15 tu ya hewa ukaa; sehemu kubwa iliyobaki ni naitrojeni. Mgandamizo unaohitajika hupanda mara kadhaa, na mwenye mtambo hulipia kugandamiza gesi asiyoitaka. Hapo ndipo viongezi, yaani kemikali zinazotiwa kwenye maji hayo, hupata soko.

Tetrahaidrofurani, hata molekuli moja tu katika kila mia, hushusha mgandamizo kwa kiwango kikubwa. Lakini hukalia vizimba vikubwa, gesi ikabaki na vidogo, na shehena ikapungua. Tena huvukiza na kutoroka. Chumvi ya TBAB haivukizi, na JFE Engineering ya Japani imeitumia katika mifumo ya kupooza majengo. Hata hivyo, nayo huchukua nafasi. SDS, kemikali ya sabuni iliyomo kwenye shampuu nyingi, haishushi mgandamizo bali huharakisha ugandaji. Bei yake ni nafuu, ila huifaa methani zaidi kuliko hewa ukaa, na hutoa povu gesi inapofunguliwa.

Kwenye mabomba hesabu hugeuka, kwa kuwa huko haidreti ni hasara. Mwaka 1934, E. G. Hammerschmidt wa Marekani alionyesha kuwa ndizo zilizokuwa zikiziba mabomba ya gesi asilia; methanoli na glaikoli, ambazo huzuia haidreti zisiundike, zikapata wateja wa kudumu. Mradi wa kuhifadhi hewa ukaa wa Northern Lights nchini Norway umeamua kukausha gesi: maji ndani ya hewa ukaa unayoipokea yasizidi sehemu 30 kwa milioni.

Katika kunasa hewa ukaa, haidreti zinashindana na amini, kemikali ambazo mtambo wa Boundary Dam nchini Kanada umezitumia kibiashara tangu 2014. Kwa hiyo mwekezaji asiridhike kuonyeshwa mgandamizo ulioshuka. Adai hesabu ya kila tani: maji yamebeba gesi kiasi gani, kiongezi kiasi gani kimepotea, na kukirejesha kunagharimu nini. Mradi usio na majibu hayo matatu bado ni wa maabara, na fedha zake zitoke kwenye bajeti ya utafiti.