Gharama ya Kutisha Watu 293

Ukumbi wa maigizo wa Grand Guignol wa Paris ulifunguliwa 1897 ukafungwa 1962. Ulikuwa na viti 293. Humo watu walinyongwa, walichinjwa na kutobolewa macho jukwaani, na kati ya mchezo mmoja wa kutisha na mwingine watazamaji walipewa kichekesho ili wapumue. Tuchukue ukumbi kama huo Dodoma, jiji ambalo kwa sensa ya 2022 lilikuwa na wakazi 765,179. Kujaza viti 293 hapa kunahitaji mkazi mmoja kati ya takribani 2,600. Kwa macho ya haraka, biashara hiyo inawezekana.

Tahadhari ya kwanza ni kwamba takwimu za tasnia hii hupenda kuvimba. Paula Maxa, mwigizaji mashuhuri wa ukumbi huo tangu 1917 hadi miaka ya 1930, anatajwa kuwa "aliuawa" jukwaani zaidi ya mara 10,000. Tuchukue miaka 15 ya kazi na maonesho 300 kwa mwaka, bila ugonjwa wala likizo. Hapo tunapata usiku 4,500, yaani vifo 2.2 kila usiku. Haishindikani, maana usiku mmoja ulikuwa na michezo mifupi kadhaa, lakini ingebidi afe walau mara mbili kila alipokwenda kazini. Mimi naisoma idadi hiyo kama tangazo.

Tahadhari ya pili inahusu urithi wenyewe. Husemwa kwamba muziki wa roki na metali ulichukua damu na vifaa vya kunyongea kutoka ukumbi ule. Tarehe zinalegeza dai hilo. Mwimbaji Screamin' Jay Hawkins alianza kutokea jenezani jukwaani mwaka 1956, Paris ikiwa bado inaonesha. Mwanamuziki wa roki Alice Cooper, aliyezaliwa Marekani mwaka 1948, alikuwa na miaka 14 ukumbi ulipofungwa. Gilotini yake, mashine ya kukatia kichwa iliyobuniwa na mwanamazingaombwe James Randi, ilipanda jukwaani 1973, miaka 11 baadaye. Njia inayoelekea zaidi ni sinema za kutisha, zilizosimama katikati ya ukumbi ule na roki.

Kilichobadilika bila ubishi ni ukubwa. Jeraha la jicho linaonekana na watu 293. Mbele ya watu 10,000 halionekani kabisa, ndiyo maana roki ilihitaji gilotini ndefu, moto na majitu kama Eddie, nembo ya bendi ya metali ya Iron Maiden. Dodoma, watu 10,000 ni asilimia 1.3 ya wakazi wote. Ukiondoa watoto, tukiwakadiria kuwa nusu, inakuwa asilimia 2.6, yaani mtu mzima mmoja kati ya 38. Na hesabu hiyo inadhani kila mmoja wao anapenda gitaa la kelele, dhana ambayo nisingeikopea fedha benki.

Mapato ghafi, yaani fedha za tiketi kabla ya kutoa gharama, huvutia sana. Ziara ya Cooper ya 1973 inatajwa kuingiza zaidi ya dola milioni 4. Kwa shilingi 2,500 kwa dola, ni shilingi bilioni 10. Lakini bei za Marekani zimepanda karibu mara 7 tangu wakati huo, hivyo kwa thamani ya leo ni kama bilioni 70. Tarakimu zote mbili hazitaji gharama ya malori, mafundi wala bima.

Turudi kwenye viti 293. Tiketi iwe shilingi 5,000, na ukumbi ujae asilimia 60: watu 176, shilingi 880,000. Kundi la watu 12 likitoka Dar es Salaam kwa treni ya SGR, daraja la kawaida, nauli ya 31,000 kwenda na kiasi hicho kurudi, linatumia 744,000. Hiyo ni asilimia 84.5 ya mapato. Zinabaki 136,000, na bado hatujalipa ukumbi, umeme wala kibali.

Damu bandia, inayolalamikiwa zaidi, ni senti tu. Sukari kilo 2 kwa makadirio ya 3,000 kila moja, pamoja na rangi ya chakula ya 2,000, ni shilingi 8,000: chini ya asilimia 1 ya mapato hayo. Kufua mavazi huenda kukazidi hapo.

Kinachoamua, basi, ni idadi ya watu safarini. Mwanamuziki Hukwe Zawose, Mgogo aliyezaliwa Doday, Dodoma, mwaka 1938, alirekodi albamu za Chibite (1996) na Assembly (2002) chini ya Real World, kampuni ya Peter Gabriel. Gabriel ndiye aliyevaa vinyago na mavazi ya ajabu jukwaani na bendi ya Genesis mwanzoni mwa miaka ya 1970. Zawose hakuhitaji shehena: ala zake, zeze na ilimba, hubebwa mkononi. Bendi ya Duma ya Nairobi, ambao albamu yao ya metali na kelele za mashine ilitolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala mwaka 2020, walikuwa watu 2. Hawakuhitaji gilotini, ukelele wa mwimbaji wao Martin Khanja ulitosha kutisha.

Kundi la watu 2 kutoka Dar lingetumia nauli ya 124,000, asilimia 14.1 ya mapato yaleyale. Kundi la wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma lingetumia nauli ya daladala. Kwa tiketi ya 5,000, watu 2 wanahitaji watazamaji 25 kurudisha nauli ya treni. Watu 12 wanahitaji 149, zaidi ya nusu ya ukumbi.