Mchungwa Hausubiri Barua ya Kustaafu

Mtumishi wa umma nchini Tanzania akitimiza miaka 55 anaruhusiwa kustaafu kwa hiari, na akifika 60 analazimika. Tarehe hizo mbili zinajulikana tangu siku anayoripoti kazini, kwa sababu tarehe yake ya kuzaliwa imo ndani ya jalada. Nimekuwa afisa utumishi katika halmashauri moja ya mkoa wa Tanga kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na hakuna kilichonisikitisha kama kuona mtu akipokea barua ya kukumbushwa kustaafu kana kwamba ameletewa habari ya msiba. Walimu, wauguzi, madereva, watendaji wa kata. Watu makini, waliokaa vikao mwaka mzima kupanga harusi ya mtoto, lakini maisha yao wenyewe baada ya kazi hawakuyakalia hata jioni moja.

Sasa na mimi ni mstaafu, naishi Muheza, na kila mara vijana wa ofisini wanaponiuliza wajiandae vipi, huanza kwa kuuliza kiasi cha fedha. Mimi huwauliza wamebakiwa na miaka mingapi. Fedha ina nafasi yake, nami nitaieleza, lakini karibu kila kitu kinachoufanya ustaafu uwe mtamu kinahitaji miaka ya kukomaa, na miaka hiyo haipatikani tena mtu akishakabidhi ofisi.

Hata kikokotoo chenyewe, hicho kinachobishaniwa kwenye kila baraza la kahawa, ni hesabu ya muda. Mwaka 2018 mifuko ya PSPF, LAPF, PPF na GEPF iliunganishwa ikawa PSSSF kwa ajili ya watumishi wa umma, na NSSF ikabaki na sekta binafsi pamoja na waliojiajiri. Kwa mtumishi wa umma, asilimia 5 ya mshahara hukatwa kwake na mwajiri huongeza asilimia 15. Pensheni hupatikana hivi: chukua miezi yote uliyochangia, zidisha kwa wastani wa mshahara wa mwaka katika miaka yako mitatu bora, kisha gawa kwa 580. Sehemu ya jibu hilo huzidishwa kwa 12.5 na kulipwa mara moja, ule mkupuo ambao wengi bado tunauita kiinua mgongo. Sehemu inayobaki hugawanywa kwa 12 na kulipwa kila mwezi hadi mwisho wa maisha. Tangu Julai 2022 sehemu ya mkupuo ilikuwa asilimia 33. Katika bajeti ya 2024/25 ilipandishwa ikawa 40 kwa wanachama ambao zamani walikuwa wakipata 50, na 35 kwa wale waliokuwa wakipata 25.

Mfano utasaidia. Mwalimu amechangia miezi 360, yaani miaka 30, na wastani wa mshahara wake ni shilingi milioni moja kwa mwezi, sawa na milioni 12 kwa mwaka. Kwa asilimia 40, mkupuo wake ni kama shilingi milioni 37.2, na pensheni yake ya kila mwezi ni kama shilingi 372,000. Aliyezoea kupokea mshahara wa milioni moja atazame namba hiyo ya pili kwa utulivu akiwa bado na miaka 45, asiisubiri mpaka dirisha la benki.

Hebu tazama na mwezi mmoja unavyokuwa na uzito. Kwa mwalimu huyo, kila mwezi ambao mchango wake haukuwasilishwa humpunguzia takribani shilingi 1,034 katika pensheni ya kila mwezi na zaidi ya shilingi 103,000 katika mkupuo. Mwaka mzima ukipotea, ni zaidi ya milioni 1.2 za mkupuo. Ndiyo maana nasisitiza, nikionekana msumbufu na iwe hivyo, kila mwanachama aangalie taarifa ya michango yake angalau mara moja kwa mwaka. Wa PSSSF wana programu ya simu iitwayo PSSSF Kiganjani, na wa NSSF wanaweza kuipata taarifa yao mtandaoni au ofisi yoyote ya mfuko. Aliye kwenye kampuni binafsi ndiye anayepaswa kuwa macho zaidi, maana kukatwa kwenye hati ya mshahara ni jambo moja na fedha kufika kwenye mfuko ni jingine. Pengo la mwaka jana linafuatilika. Pengo la miaka kumi na tano iliyopita, mwajiri ameshafunga kampuni na mhasibu amehama mji, ni kazi ya kuvunja moyo.

Na majina! Sijui niwaombe watu kwa lugha gani. Cheti cha shule kina jina la babu, barua ya ajira haina, kitambulisho cha NIDA kimeandikwa herufi tofauti. Ofisini kwetu faili la namna hiyo lilikuwa linarudi na kwenda, mstaafu anapanda basi kila baada ya wiki mbili kuulizia. Linyooshe mapema. Weka pamoja barua ya kwanza ya ajira, ya kuthibitishwa kazini, ya cheo cha mwisho na hati za mishahara, na mwonyeshe mwenza wako zilipo.

Nije kwenye shamba, kwa sababu Muheza ni nchi ya machungwa na kila mtumishi wa huku husema akistaafu atalima. Mche wa mchungwa wa kubebeshwa huanza kutoa matunda mwaka wa tatu au wa nne, na huchukua miaka zaidi kabla ya kukupa mzigo wa kujaza lori. Pilipili manga kule juu Amani huhitaji miaka kama mitatu. Mkarafuu ni sita hadi minane. Anayepanda akiwa na miaka 50 huvuna akiwa bado anapokea mshahara, anajua shamba lake lina wadudu gani, mnunuzi gani hulipa na gani hukimbia, na bei huangukaje machungwa yanapokomaa yote kwa pamoja katikati ya mwaka. Anayepanda akiwa na miaka 60 kwa fedha ya mkupuo analipa vibarua miaka minne bila kuona chungwa, huku mkupuo wenyewe ndio chakula cha nyumbani. Hivyo hivyo kuku, hivyo hivyo duka la vifaa vya ujenzi, hivyo hivyo basi dogo la abiria. Biashara ambayo hujawahi kuifanya kwa laki tano usiianze kwa milioni thelathini.

Fedha ya mkupuo, kwa maoni yangu, ipumzishwe mwaka mzima mahali salama kabla haijapewa kazi. Hati fungani za serikali zinazouzwa na Benki Kuu kwa minada zinaanzia shilingi milioni moja, zipo za miaka miwili hadi 25, na riba hulipwa mara mbili kwa mwaka. Unafungua akaunti kupitia benki au dalali wa Soko la Hisa la Dar es Salaam, na ukihitaji fedha kabla ya muda unaweza kuiuza sokoni kwa bei ya siku hiyo. Ukiweka milioni 10 kwa riba ya asilimia 12, tuseme, kila nusu mwaka unapokea shilingi 600,000, na mtaji wako unarudi muda ukiisha. Asiyetaka kuifunga hivyo anaweza kununua vipande vya mifuko ya UTT AMIS, ambako ukihitaji fedha unarudisha vipande na kulipwa. Riba hizo hazitamtajirisha mtu, lakini zinampa mstaafu kitu cha thamani kubwa katika mwaka wa kwanza, yaani jibu la kumpa mpwa mwenye wazo la biashara: fedha imefungwa.

Maana habari za mkupuo husambaa. Kuna matapeli wanaopiga simu wakijifanya maofisa wa mfuko, wanataka "ada" ili mafao yatoke haraka. Mafao hayana ada. Kuna pia wale wakopeshaji tunaowaita kausha damu, wanaoshikilia kadi ya benki ya mstaafu na namba yake ya siri, kisha kila mwezi wanatangulia wao kwenye mashine. Mtu aliyeingia ustaafu akiwa amelipa madeni yake, amemaliza paa la nyumba na amekubaliana na watoto nani atasomeshwa mpaka wapi, hana sababu ya kuwatafuta watu hawa.

Kuhusu afya nitasema machache. Mstaafu aliyekuwa akichangia NHIF huendelea kutibiwa yeye na mwenza wake, lakini watoto na wazazi waliokuwa kwenye kadi hawamo tena, kwa hiyo wapangiwe njia yao mapema. Presha na sukari zipimwe na zitibiwe ukiwa na miaka 50. Goti lililotelekezwa miaka kumi halitakupeleka shambani.

Lakini jambo ambalo semina za wastaafu hulipitia juu juu ni furaha, nami naona ndilo lenye uzito zaidi. Ofisini mtu ana watu wa kuongea nao tangu saa moja na nusu asubuhi. Siku ya kukabidhi funguo wote wanabaki kule. Mke wangu alikuwa muuguzi, alitangulia kustaafu, na tulikaa chini kabla sijamfuata tukaulizana waziwazi: mimi nikishinda nyumbani, wewe utakaa wapi? Nyumba ilikuwa na utaratibu wake, ana kikundi chake cha VICOBA, ana saa zake za kupumzika. Nimeona ndoa za miaka thelathini zikiyumba kwa sababu mzee amerudi nyumbani akaanza kukagua sufuria kama alivyokuwa akikagua mahudhurio. Sisi tukagawana. Asubuhi mimi ni wa shamba, jioni naenda barazani kucheza bao na wazee ambao nilianza kucheza nao zamani, nikiwa bado kazini, kila Jumamosi. Urafiki ule una miaka mingi sasa, na hakuna aliyewahi kunijua pale kwa cheo.

Na kuna safari. Watu wa Muheza tunaishi chini ya msitu ambao wageni hupanda ndege kuja kuuona. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa mimea Amani mwaka 1902, na miti waliyoileta kutoka pande nyingi za dunia bado imesimama. Miaka yote ya kazi nilikuwa nikipanda kule kukagua watumishi na kushuka. Siku hizi tunapanda na mke wangu kutazama ndege na vipepeo, tunakula chakula tulichobeba, na kila baada ya miezi michache tunakwenda Pangani kulala usiku mmoja karibu na bahari. Safari hizi zimo kwenye bajeti yetu kama unga na mafuta ya taa, tena tulizianza kabla ya kustaafu ili tujue gharama yake.

Wengi watasema haya ni ya watumishi tu. Jirani yangu ni fundi cherehani sokoni, ana miaka 44, hajawahi kuajiriwa, na aliniuliza kama amechelewa. NSSF hupokea waliojiajiri. Pensheni ya uzeeni hutaka michango ya miezi 180, nayo ni miaka 15, kwa hiyo akianza sasa bila kuruka mwezi ataifikia hata kabla ya miaka 60. Tulihesabu pamoja kwa kalamu nyuma ya daftari lake la vipimo. Fomu tumekwisha kuijaza, mchango wa kwanza ameutuma kwa simu, na ameniambia mumewe, fundi baiskeli, atakuja Jumamosi na kitambulisho chake.