Habari za Nyumbani ni Nzuri, Ila...

Ndugu msomaji, hebu jiulize: juma hili umeulizwa mara ngapi habari za nyumbani, nawe ukajibu "nzuri"? Hapana shaka ni mara nyingi. Kwetu sisi hata aliyefiwa hujibu kwanza "nzuri", kisha hutua kidogo, akaongeza "ila..." Na katika hiyo "ila" ndimo ilimo habari yenyewe. Makala ya leo inahusu familia moja ambayo kwa miezi sita ilijibizana "nzuri" katika simu na kuisahau "ila". Familia hiyo ni yangu.

NYUMBA ILIYOHAMA

Tumezoea kwamba mtoto aendapo chuoni, yeye ndiye aondokaye na nyumba ndiyo ibakiyo. Kwetu mambo yalikwenda kinyume. Mdogo wangu wa mwisho, niliyemlea tangu akiwa darasa la tano, alichaguliwa mwaka 2024 kujiunga na chuo kimoja jijini Dar es Salaam. Mwaka huo huo mume wangu, ambaye ni mtumishi wa Serikali, alipata barua ya kuhamia Dodoma.

Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulipitishwa na TANU mwaka 1973, na tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba sasa inahamia huko kwa dhati, maelfu ya watumishi wamefungasha. Zamu yetu iliwadia mwezi wa Septemba, wakati wa likizo fupi ya shule. Basi kijana hakuihama nyumba. Nyumba ndiyo iliyomhama kijana.

Siku ya kufungasha, mdogo wangu alimwita mwanangu, mwenye umri wa miaka 10, akamkabidhi mashine yake ya michezo ya video. Ilikuwa PlayStation 4 aliyoinunua mtumba miaka minne kabla, kwa fedha alizozidunduliza mwenyewe. Kila jioni, baada ya chakula na kazi za shule, mjomba na mpwa wake walikaa mkekani wakacheza mpira katika runinga, na nyumba nzima ikajaa kelele. Walikuwa na ligi yao. Timu, mabao na vikombe vyote vilihifadhiwa ndani ya mashine hiyo.

"Chukua wewe," alimwambia. "Mimi huko nitakuwa nasoma. Ligi tutaiendeleza nikija likizo."

Aliyeifungasha mashine ni mimi. Niliiviringisha katika khanga mbili, nikaitia ndani ya beseni, na juu yake nikaweka mfuko wa sufuria. Nyaya zake sikuzichomoa. Lori likaondoka Tabata alfajiri, likapita Chalinze, Morogoro, Gairo na Kibaigwa, na jioni tukateremsha mizigo katika upepo na vumbi la Dodoma.

MIEZI YA "NZURI"

Niliyoyajua baadaye ni haya. Usiku ule wa kwanza, sisi wakubwa tulipokuwa tukiunga vitanda, mtoto aliichomeka mashine katika umeme. Taa iliwaka, lakini runinga haikuonyesha picha. Akaiinua ikiwa bado inanguruma, akaitikisa, kama alivyomwona babu yake akiitikisa redio. Ikatoa mlio wa kugongagonga, kisha ikanyamaza. Akairudisha ndani ya khanga, akaisukuma chini ya kitanda chake, wala hakumwambia mtu.

Nilipomwuliza kwa nini hachezi, alijibu kwamba shule mpya ina kazi nyingi. Nikafurahi! Na mjomba wake alipopiga simu, mtoto alisema, "Nzuri, Mjomba. Nacheza kila siku. Nafanya mazoezi, ukija utafungwa."

Mjomba naye alijibu kwamba chuo ni kizuri, chumba ni kizuri, masomo ni mazuri. Nami nilisema kwamba nyumba mpya ni nzuri na majirani ni wazuri, ingawa kwa wiki tatu maji yalinitoa machozi na jirani nilikuwa simjui hata mmoja. Mimi ambaye nilisomea uandishi wa habari na kupewa stashahada kwa ajili ya kuuliza maswali, sikumwuliza ndugu yangu swali la pili.

MGENI MLANGONI

Mwezi wa Machi 2025 mdogo wangu alikuja likizo kwa treni ya umeme, ile iliyoanza safari za Dar es Salaam hadi Dodoma mwezi wa Julai 2024. Alipofika mlangoni alibisha hodi, akasimama akingoja kukaribishwa.

Ndugu msomaji, hodi ile ilinichoma. Tabata hakuwa akibisha. Alikuwa akiingia huku akiuliza kutoka uani kama kuna chakula. Sasa alisimama na begi lake kama mtu aliyetumwa kuleta barua, na alipotaka maji aliniuliza vikombe viko wapi. Usiku ndipo nilipong'amua kwamba katika nyumba nzima hatukuwa tumemtengea hata kitanda. Tulimtandikia godoro sebuleni.

Baada ya chakula alipiga makofi, akasema, "Haya, leta ligi yetu." Mwanangu akaangua kilio. Alilia hata baba yake akatoka chumbani. Kisha akaingia uvunguni, akatoka na khanga zile zile, akaeleza yote tangu mwanzo.

Nilitazamia kijana akasirike. Hakukasirika. Alikaa kimya kitambo, akamvuta mpwa wake karibu, akasema, "Hata mimi nilikudanganya. Sina chumba."

Alikuwa amekosa nafasi katika mabweni. Muhula mzima alilala kwa "kubebana", kama wanavyosema wanafunzi wenyewe: mwenye kitanda humbeba asiye nacho, wakalala wawili mahali pa mmoja. Mwenzake alipougua, yeye alihamia sakafuni. Majaribio mawili alikuwa ameshindwa.

"Kwa nini hukuniambia?" nilimwuliza.

"Dada, kila nilipopiga simu mlisema mambo ni mazuri. Nikaona mimi peke yangu ndiye ambaye mambo yake si mazuri."

Sikuwa na jibu la kumpa.

KWA FUNDI

Kesho yake tuliipeleka mashine kwa fundi karibu na soko la Majengo. Aliifungua mbele yetu, akamwonyesha mtoto kila kitu. Tundu la waya wa picha lilikuwa limepinda na kung'oka upande mmoja, kwa kuwa waya uliachwa humo ukasukumwa na uzito wa sufuria. Hilo lilikuwa kosa langu, na mwanangu alikuwa amelibeba kwa miezi sita akidhani ni lake. Fundi alichomelea tundu jipya kwa muda usiozidi saa mbili.

Lakini diski ilikuwa imekufa. Fundi alieleza kwamba ndani yake mna sahani inayozunguka mara 5,400 kwa dakika, na juu yake huelea kichwa cha kusomea, karibu mno lakini bila kuigusa. Ukiitikisa ikiwa inazunguka, kichwa huikwaruza sahani, na yaliyoandikwa humo hupotea. Tundu lingetengenezwa siku ile ya kwanza, na ligi ingali hai. Tulinunua diski nyingine, na ligi ikaanza upya, sifuri kwa sifuri.

Basi, ndugu msomaji, ukihama na chombo cha namna hii, chomoa nyaya zote na utoe sahani ya mchezo iliyomo. Yaliyohifadhiwa yanakiliwe kwanza katika flashi. Kifunge katika sanduku lake, au kati ya magodoro, wala usikitwishe sufuria. Kikifika na kukataa kuwaka, usikitikise. Mpelekee fundi siku hiyo hiyo. Na mtoto aliyeharibu kitu asiogope kukuambia, maana aghalabu hasara ya kuficha huizidi hasara ya kuvunja.

Jioni ile tulikaa watu wazima watatu na kalamu. Chumba cha kupanga karibu na chuo kilihitaji kodi ya miezi sita, na mdogo wangu alikuwa na wenzake wawili wa kuchangia. Fungu lake tulilitoa katika fedha za makochi ya sebule mpya. Makochi yanangoja mpaka leo, na wageni wetu hukalia viti vya plastiki. Kabla kijana hajarudi, mume wangu alimchongeshea ufunguo wa mlango wa mbele. Kitanda chake nacho kimepatikana, kimewekwa katika chumba cha mwanangu.

Siku hizi simu ya Jumapili ina sheria. Kila mmoja baada ya kusema "nzuri" sharti atoe "ila" yake, hata ikiwa ndogo. Jumapili iliyopita mdogo wangu alisema, "Nzuri, Dada, ila kuna somo moja bado linanisumbua, na wiki hii nimeanza kusoma na mwenzangu anayeliweza." Mimi nilisema, "Nzuri, ila nimekumbuka samaki wa Feri." Mwanangu alinyang'anya simu.

"Nzuri, Mjomba, ila naongoza ligi peke yangu na haina raha. Unakuja lini?"