Sanduku la Akiba la Akina Mama: Elimu Itangulie, Riba Iepukwe

Leo tunakusudia kuvizungumzia vyama vya akiba ambavyo akina mama wa vijijini huviunda ili kujikwamua na umaskini.

Uislamu ulimpa mwanamke haki ya kumiliki mali tangu zamani. Surat An-Nisaa, aya ya 32, inabainisha kuwa wanaume wana fungu katika walichokichuma, na wanawake vilevile. Bibi Khadija (RA) alikuwa mfanyabiashara kabla ya kuolewa na Mtume (SAW). Bibi Zaynab bint Jahsh (RA) alikuwa akitengeneza ngozi kwa mikono yake na kulitoa sadaka chumo lake. Kwa hiyo mume hana ruhusa ya kuichukua akiba ya mkewe bila ya ridhaa yake, wala akiba hiyo haimwondolei wajibu wa kuihudumia nyumba yake.

Mfano mzuri tunaupata Niger, nchi ambayo takriban wakaazi wake wote ni Waislamu. Mwaka 1991, katika eneo la Maradi, shirika la CARE lilianzisha vikundi vilivyoitwa kwa Kihausa Mata Masu Dubara, yaani wanawake wenye maarifa. Wengi wao hawakujua kusoma. Kila mmoja alitoa kiasi kilekile kila wiki, na hesabu ikatangazwa mbele ya wote ili kila mwanachama aihifadhi moyoni. Fedha ziliwekwa katika sanduku lenye kufuli tatu, na funguo zikashikwa na wanawake watatu tofauti. Mwisho wa mzunguko waligawana.

Utaratibu huo ulienea katika nchi nyingi za Afrika. Tanzania Bara ulizaa VICOBA, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukafika Unguja, katika vijiji vilivyo jirani na msitu wa Jozani. Hesabu yake ni nyepesi: wanawake 20 wakiweka shilingi 2,000 kila mmoja kwa wiki, baada ya wiki 50 sanduku lina shilingi 2,000,000, bila ya kumpigia mtu magoti.

Lakini, ndugu wasomaji, kikundi kikikua, kuhifadhi moyoni hakutoshi. Mikopo huwa mingi, marejesho hupishana, na mara nyingi kalamu hushikwa na mtu mmoja tu. Asiyeweza kukisoma kitabu cha hesabu hana njia ya kujua kama fungu lake limeandikwa sawasawa. Ndivyo ilivyo pia kwa mama mkulima wa mwani, kilimo cha biashara kilichoanza Zanzibar mwaka 1989: asipoweza kuisoma mizani ya mnunuzi, jasho lake hupotea kabla halijafika sandukuni. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Surat Al-Baqara, inatuamrisha kuyaandika madeni. Basi tunaona ni wajibu kila kikundi kitenge saa moja katika siku ya mkutano kwa ajili ya kisomo na hesabu, na misikiti na vyuo vyetu vifungue milango yake kwa kazi hiyo.

Jambo la pili ni riba. Vikundi vingi humtoza mkopaji asilimia fulani kila mwezi, na wengine hujitetea kuwa ziada hiyo inawarudia wao wenyewe. Hoja hiyo haitoshi. Ziada iliyoshurutishwa juu ya deni ni riba, hata ikigawanywa baina ya marafiki, na mwenye kuibeba aghalabu ni yule aliye maskini zaidi, kwa kuwa ndiye anayekopa zaidi.

Njia za halali zipo. Ya kwanza ni mkopo mwema, unaorejeshwa kama ulivyo, na unafaa kwa maradhi na msiba. Ya pili ni murabaha. Tuseme mama muuza maandazi anahitaji gunia la unga. Kikundi kinalinunua kwa shilingi 90,000, kinalipokea na kulimiliki, kisha kinamuuzia kwa shilingi 96,000 alipe kwa miezi mitatu. Bei hiyo haiongezeki hata akichelewa. Ya tatu ni kushirikiana katika biashara, faida ikigawanywa kwa mafungu yaliyokubaliwa, na hasara ikibebwa kwa kadiri ya mtaji.

Tunawanasihi waume wasiwazuie wake zao kuhudhuria vikao hivi, na masheikh wawatembelee akina mama hao na kuwaelekeza namna ya kuzirekebisha kanuni zao, badala ya kuwalaumu kutoka mbali.

Tunamuomba Allah (SW) atupe rizki ya halali, na azibariki juhudi za mama zetu. Amin.