Kirsty Coventry: dada wa Harare aliyeishinda dunia akiwa chali

Wadau, juzi kijiweni nilizomewa. Nilisema Mwafrika mwenye medali nyingi za Olimpiki kuliko wote si mkimbiaji wa Kenya wala Ethiopia, ni muogeleaji wa Zimbabwe. Haya, ngoja niwape kitu kamili.

Anaitwa Kirsty Coventry, mzaliwa wa Harare, 1983. Ana medali 7. Zimbabwe nzima, tangu ipate uhuru, ina medali 8! Hiyo nyingine ni dhahabu ya akina dada wa mpira wa magongo, Moscow 1980.

Mchezo wake ni kuogelea chali. Sasa msidhani ni kama sisi kule ufukweni, unalala juu ya maji unatazama mawingu. Hapa unaanzia ndani ya maji, mikono imeshika vyuma, miguu imekanyaga ukuta. Ukijirusha, mwisho mita 15 kichwa kiwe kimeibuka. Na unakokwenda hukuoni! Kinachokuokoa ni vibendera vilivyotundikwa juu, mita 5 kabla ya ukuta. Ukiviona unaanza kuhesabu mikono. Ukikosea hesabu, ama ukuta unakupiga kichwa, ama unapoteza sehemu ya sekunde. Na hizo sehemu ndizo zinazoua watu.

Athens 2004 alipata dhahabu ya mita 200 chali, fedha ya mita 100 na shaba ya mita 200 mchanganyiko. Lakini stori yenyewe ni Beijing 2008. Kumbukeni Zimbabwe ya mwaka ule: uchaguzi wa damu, noti ya dola bilioni 100 imetolewa Julai, na Agosti mosi benki kuu ikafuta sifuri kumi kwenye pesa. Dada yetu anaingia bwawani. Mita 400 mchanganyiko: fedha. Nusu fainali ya mita 100 chali anaweka rekodi ya dunia, 58.77. Fainali ikaja, Natalie Coughlin wa Marekani akashinda kwa 58.96, Coventry 59.19. Yaani muda wake mwenyewe wa jana yake ungempa dhahabu! Duh. Kesho yake mita 200 mchanganyiko, Stephanie Rice wa Australia akamzidi kwa sekunde 0.14. Fedha ya tatu.

Mimi ningefunga begi. Yeye alibakiwa na mbio moja, mita 200 chali, na rekodi ya dunia aliyoiweka Februari alikuwa ameshanyang'anywa Julai na Margaret Hoelzer, Mmarekani aliyekuwa naye kwenye fainali hiyo hiyo. Akamaliza kwa 2:05.24. Dhahabu, na rekodi ikarudi. Mwaka uliofuata, Roma, akaishusha tena hadi 2:04.81.

Kuna watakaosema "yule ni mzungu bwana". Ni kweli, na nyumbani kwao mashamba ya wazungu yalikuwa yanachukuliwa tangu 2000. Lakini aliporudi toka Athens watu walijaa uwanja wa ndege kumpokea, na mwaka 2008 Mugabe mwenyewe alimkabidhi dola 100,000 za Kimarekani. Medali haikuuliza rangi.

Kilichomtia doa machoni pa wengi ni siasa. Mwaka 2018 Mnangagwa alimpa uwaziri wa vijana na michezo. Akiwa waziri, FIFA iliifungia Zimbabwe toka Februari 2022 mpaka Septemba 2023 kwa serikali kuingilia chama cha soka. Kiukweli hapo simtetei. Wachezaji walikosa kufuzu AFCON kwa ugomvi wa wakubwa.

Ila mama huyo hazami. Machi 20, 2025, kule Ugiriki, alichaguliwa rais wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Wagombea walikuwa saba, akamaliza kazi raundi ya kwanza: kura 49 kati ya 97. Mwanamke wa kwanza, Mwafrika wa kwanza. Tangu Juni 2025 yuko ofisini, na wale walionizomea bado wananidai soda eti nimewadanganya.