Kufuta tawi kwenye picha ya ndege: urembo unaishia wapi, udanganyifu unaanzia wapi?

LUBUMBASHI – Mtu anayepiga picha za ndege katika misitu ya miombo inayozunguka mji wa Lubumbashi anapambana na kitu kimoja kila mara: matawi. Ndege ametua, kamera iko tayari, lakini kitawi kinapita mbele ya kifua chake, au kinachomoza nyuma ya kichwa kama pembe. Siku hizi programu ya kompyuta, au hata ya simu, inaweza kukifuta kwa sekunde chache. Swali ni kama inafaa kukifuta, hasa katika nchi ambamo picha za baadhi ya ndege zinahesabika kwa vidole.

Programu inafanya nini?

Njia ya zamani katika Photoshop ni ya kunakili: mtumiaji anachukua kipande safi cha picha, kwa mfano anga, na kukibandika juu ya tawi. Mwaka 2010 programu hiyo ilipata uwezo wa kujaza yenyewe nafasi iliyofutwa kwa kufuata rangi za pembeni. Tangu mwaka 2023, akili mnemba inaweza kutunga kabisa kitu ambacho hakikuwepo mbele ya kamera. Kwenye simu, Snapseed ya kampuni ya Google ina zana ya kufuta inayopatikana bila malipo.

Kazi ni nyepesi pale tawi linapopita kwenye anga tupu au kwenye majani yaliyofifia nyuma. Inakuwa ngumu pale tawi linapomgusa ndege. Programu haijui manyoya yaliyofichwa yalikuwaje, kwa hiyo inayabuni. Mara nyingi alama zinabaki: madoa yanayojirudia, ukingo wa bawa uliolainika kupita kiasi, au kivuli cha tawi kifuani wakati tawi lenyewe halipo tena.

Manyoya ni ushahidi

Katika Haut-Katanga jambo hili si la urembo tu. Kwenye ziwa Tshangalele, karibu na mji wa Likasi, anaishi ndege mdogo wa manjano, msukaji wa viota, ambaye wanasayansi wanamwita Ploceus ruweti. Kielelezo chake cha kwanza kilichukuliwa mwaka 1960, na jina hilo akapewa mwaka 1982. Kwa miaka mingi sayansi ilikuwa na kielelezo hicho kimoja tu, mpaka ndege huyo alipopatikana tena mwaka 2009.

Ndege huyo anafanana sana na mwenzake wa Tanzania, na wataalamu wamejadili kama hao ni aina mbili au aina moja. Tofauti wanazozitazama ni za rangi ya manyoya. Mpiga picha akifuta kitawi kilichopita kifuani na programu ikapaka rangi yake, picha inapoteza kile hasa ambacho mtaalamu angependa kukiona. Hata tawi lenyewe lina habari: linaonyesha ndege alikuwa kwenye mti gani, majini au nchi kavu.

Si Katanga peke yake. Katika milima ya Itombwe, Kivu Kusini, watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas huko El Paso pamoja na watafiti wa Kongo walipiga picha za kwanza kabisa zinazojulikana za ndege mweusi mwenye kishungi cha manjano, Prionops alberti. Habari hiyo ilitangazwa Februari 2024. Picha ya namna hiyo ni hati. Kuifuta kitu ni sawa na kufuta mstari kwenye cheti.

Mashindano hayasamehi

Shindano la Wildlife Photographer of the Year, linaloendeshwa na Makumbusho ya Historia Asilia ya London, linaruhusu kukata kingo za picha, kurekebisha mwanga na kusafisha vumbi la kamera. Haliruhusu kuongeza wala kuondoa kitu, na wanaofika hatua za mwisho hudaiwa faili la asili. Kwa waandishi wa habari ni vilevile. Mwaka 2010 shindano la World Press Photo lilimnyang'anya zawadi Stepan Rudik kwa kufuta sehemu ndogo ya mguu wa mtu nyuma ya picha.

Lakini kubadilisha picha si kosa daima. Sammy Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, katika kazi yake ya Mémoire ya mwaka 2006, aliwakata watu kutoka picha za enzi ya ukoloni na kuwasimamisha mbele ya viwanda vya Gécamines vilivyochakaa. Hakuna aliyedanganywa: watu wa rangi nyeusi na nyeupe wako ndani ya mandhari ya rangi, na kila mtazamaji anaona wameunganishwa.

Miguu kwanza, panga kamwe

Basi afanye nini mpiga picha? Kwanza atumie miguu. Hatua moja kushoto, au kupiga magoti, mara nyingi inatosha kulitoa tawi mbele ya ndege. Kufungua tundu la lenzi kunafifisha matawi ya nyuma. Mwishoni mwa kiangazi, miti mingi ya miombo inapopukutisha majani, ndege wanaonekana kwa urahisi zaidi.

Pili, kama picha ni ya kutundikwa ukutani au kuwekwa kwenye kalenda, afute matawi yasiyomgusa ndege, ahifadhi faili la asili na aseme wazi kwamba picha imerekebishwa. Ikiwa inaenda kwa gazeti, kwa mtafiti au kwenye shindano, asiiguse.

Tatu, asikate tawi la kweli karibu na kiota ili kupata nafasi ya kuona. Majani yale ndiyo yanayowakinga makinda na jua na kuwaficha wasionekane na nyoka na kipanga. Tawi lililofutwa kwenye kompyuta linaweza kurudishwa kutoka faili la asili. Lililokatwa kwa panga halirudi, na kiota kilichoachwa wazi kinaweza kupoteza makinda siku hiyohiyo.